Kusakinisha Mfumo wa Kompyuta Pasipo Mtu: Somo juu ya Faili la Majibu

UTANGULIZI

Mwalimu anayetunza maabara yenye kompyuta 40 anaifahamu vyema kazi ya siku za likizo. Kila kompyuta huwekewa mfumo wa uendeshaji upya, na kila moja huuliza maswali yaleyale: lugha ipi itumike, saa za nchi gani zifuatwe, diski igawanywe vipi, neno la siri la msimamizi liwe lipi. Mwalimu hujibu, hungoja, kisha hujibu tena. Kompyuta ya kwanza huhudumiwa kwa uangalifu mkubwa. Ya thelathini na tano huhudumiwa na mtu aliyechoka. Shule inapofunguliwa, mashine zilizodhaniwa kuwa sawa huonekana kuwa tofauti. Moja saa zake zimepotoka, nyingine haina programu ya kuandikia, na ya tatu hulikataa neno la siri ambalo mwalimu ana hakika kwamba ndilo alilolipa.

Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyoweza kufanywa pasipo mtu kukaa mbele ya skrini. Kanuni yenyewe ni nyepesi: maswali yote hujibiwa mapema, kwa maandishi, katika faili moja, na kompyuta hulisoma faili hilo badala ya kumwuliza mtu. Mfano utakaofuatwa ni wa mfumo wa Debian, unaosakinishwa katika mashine pepe. Aidha, makala yataonyesha kwamba wajibu wa mtu hauondoki kwa njia hii. Wajibu huo huhama kutoka katika vidole vyake na kuingia katika maandishi yake, na huko huwa mzito zaidi.

MASHINE PEPE NI NINI?

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na umbo la kushikika. Ni programu inayoiga sehemu zote za kompyuta: prosesa, kumbukumbu, diski, kibodi, skrini na kadi ya mtandao. Mfumo wa uendeshaji unaowekwa ndani yake huviona vifaa hivyo kama vya kweli. Kompyuta halisi inayoibeba mashine pepe huitwa mwenyeji, na mashine pepe yenyewe huitwa mgeni. Mwenyeji mmoja mwenye nguvu ya kutosha anaweza kupokea wageni wengi kwa wakati mmoja, na kila mgeni asijue habari za mwenzake.

Wazo hili lina umri mkubwa. Katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wataalamu wa kampuni ya IBM waliunda mfumo ulioitwa CP-40, ambao ulianza kutumika kwa kazi za kawaida mwezi Januari 1967. Mwaka 1972 kampuni hiyo ilitangaza mfumo wa VM/370 kwa ajili ya kompyuta zake kubwa. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo kompyuta hupaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe ipasavyo. Kwa ufupi masharti hayo yanataka mambo matatu: programu iende ndani ya mashine pepe kama iendavyo katika mashine ya kweli, amri zilizo nyingi zitekelezwe na prosesa yenyewe bila kucheleweshwa, na mamlaka juu ya vifaa yabaki daima kwa programu simamizi.

Kompyuta ndogo zilifuata baadaye. Programu ya VMware Workstation ilitolewa mwaka 1999. Fabrice Bellard wa Ufaransa alitoa programu ya QEMU mwaka 2003. Na mwaka 2007 uwezo unaoitwa KVM uliingizwa katika kiini cha Linux. QEMU na KVM hupatikana bila malipo, na ndizo zitakazotumika katika jaribio la makala haya.

DISKI ILIYOMO NDANI YA FAILI

Jambo moja katika mashine pepe linastahili kuangaliwa kwa makini: diski yake ni faili tu katika diski ya mwenyeji. Faili hilo huitwa taswira ya diski. Kila kitu ambacho mgeni hukiandika katika diski yake, mwenyeji hukiandika ndani ya faili hilo. Kwa hiyo diski nzima, pamoja na mfumo wa uendeshaji uliomo, inaweza kunakiliwa, kuhifadhiwa au kupelekwa mahali pengine kama inavyopelekwa barua.

Muundo mmoja unaotumiwa sana huitwa qcow2. Muundo huo una sifa mbili za manufaa. Kwanza, faili halichukui nafasi ambayo bado haijaandikwa. Diski inayotangazwa kuwa na ukubwa wa gigabaiti 10 huanza kama faili dogo sana, na hukua kadiri mgeni anavyoandika. Pili, taswira moja inaweza kuegemea juu ya nyingine. Taswira ya chini, yaani ya msingi, husomwa tu wala haiandikwi. Taswira ya juu huhifadhi mabadiliko peke yake.

Faida yake huonekana kwa hesabu ndogo. Chukulia kwamba taswira ya msingi ina gigabaiti 3, na zinahitajika mashine pepe 40. Nakala kamili 40 zingechukua gigabaiti 120. Lakini kama kila mashine inaegemea msingi mmoja, na kuongeza gigabaiti 0.2 tu za mabadiliko yake, jumla itakuwa 3 + (40 × 0.2), yaani gigabaiti 11. Sharti moja ni lazima lizingatiwe: msingi ukishaegemewa usiguswe tena. Anayeubadilisha huziharibu taswira zote zilizo juu yake, kama vile mtu anayechomoa matofali ya chini katika ukuta.

USAKINISHAJI NI MAHOJIANO

Ili taswira ya msingi ipatikane, hapana budi mfumo wa uendeshaji usakinishwe ndani yake mara ya kwanza. Hapo ndipo mahojiano yanapoanza.

Programu ya usakinishaji ya Debian, ambayo ilitolewa rasmi pamoja na toleo la 3.1 mwezi Juni 2005, imejengwa juu ya orodha ya maswali. Kila swali lina mambo matatu. La kwanza ni jina, kwa mfano time/zone, yaani swali la majira ya saa. La pili ni aina ya jibu linalotakiwa: maandishi, ndiyo au hapana, uteuzi mmoja, au teuzi nyingi. La tatu ni daraja la umuhimu. Madaraja ni manne: la chini, la kati, la juu, na la lazima. Swali la daraja la chini halimfikii mtu wa kawaida. Programu hutumia jibu lililowekwa tayari na kuendelea. Swali la daraja la lazima ni lile ambalo kazi haiwezi kuendelea bila jibu lake.

Muundo huu ndio uliorahisisha kazi inayoelezwa hapa. Kwa kuwa kila swali lina jina lisilobadilika, jibu linaweza kuandikwa kando, na programu ikalitafuta kwa jina. Ikilikuta, haiulizi.

FAILI LA MAJIBU

Faili la majibu la Debian ni maandishi matupu, yanayoweza kuandikwa kwa programu yoyote ya uandishi. Kila mstari huwa na sehemu nne: mwenye swali, jina la swali, aina ya jibu, na jibu lenyewe. Ifuatayo ni mistari michache ya faili la namna hiyo:

d-i netcfg/get_hostname string msingi
d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam
d-i partman-auto/disk string /dev/vda
d-i partman-auto/method string regular
d-i partman/confirm boolean true
d-i debian-installer/exit/poweroff boolean true

Herufi d-i husimama badala ya jina la programu ya usakinishaji. Mstari wa kwanza huipa mashine jina. Wa pili huweka saa za Dar es Salaam. Wa tatu hutaja diski itakayotumika, na wa nne huagiza igawanywe kwa njia ya kawaida. Wa tano hukubali kwamba mgawanyo huo uandikwe katika diski. Mstari huu utarejewa baadaye, kwa sababu ndio wenye hatari kuliko yote. Wa sita huagiza mashine ijizime kazi ikiisha. Faili kamili huwa na mistari mingi zaidi ya hii, ikiwa ni pamoja na ya akaunti za watumiaji, mahali pa kuchukulia programu, na programu zitakazowekwa.

Mifumo mingine hufuata kanuni hiyohiyo kwa maandishi ya sura nyingine. Mifumo ya ukoo wa Red Hat hutumia faili la Kickstart. Windows hutumia faili la majibu la muundo wa XML. Toleo la seva la Ubuntu, tangu 20.04, hutumia faili la muundo wa YAML. Nchini Ujerumani, Thomas Lange wa Chuo Kikuu cha Köln alianzisha mwaka 1999 mradi wa FAI, unaosakinisha kompyuta nyingi kwa kufuata mpango ulioandikwa kwa makundi: kompyuta za kundi hili zipate hiki, za kundi lile zipate kile. Tangu mwaka 2013 ipo pia programu ya Packer, ambayo huwasha mashine pepe, hubonyeza vitufe vya kibodi pepe kana kwamba kuna mtu aliyeketi hapo, huielekeza kwenye faili la majibu, hungoja mfumo uwe tayari, huendesha amri za nyongeza, na mwisho huhifadhi taswira.

JIBU LINALOCHELEWA

Wanaojaribu njia hii mara ya kwanza aghalabu hukumbana na jambo linalowatatanisha. Wameandika lugha na kibodi katika faili la majibu, na faili wameliweka katika seva. Walakini kompyuta ikiwaka inasimama na kuuliza lugha na kibodi. Inaonekana kana kwamba faili halikusomwa.

Sababu yake hupatikana kwa kufuata mfuatano wa matukio. Faili liko upande wa pili wa mtandao. Ili programu ilifikie, lazima kwanza iwashe kadi ya mtandao na kupata anwani. Lakini maswali ya lugha na kibodi huulizwa kabla ya mtandao kuwashwa. Jibu liko njiani, na swali limekwisha kuulizwa.

Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni kuyaandika majibu ya mwanzo katika mstari wa kuanzia, yaani maandishi yanayopewa kiini cha Linux wakati wa kuwaka. Programu ya Debian hukubali hapo neno auto=true, ambalo huahirisha maswali ya lugha na kibodi mpaka mtandao uwe tayari, na priority=critical, ambalo huagiza maswali ya daraja la lazima peke yake ndiyo yaulizwe. Dawa ya pili ni kulitia faili la majibu ndani ya kifurushi kidogo kinachopakiwa pamoja na kiini, ili liwepo tangu dakika ya kwanza.

Funzo lililomo ni pana kuliko Debian. Katika kazi yoyote inayojiendesha, haitoshi kuuliza, "Je, jibu limeandikwa?" Sharti kuuliza pia, "Je, jibu litakuwepo wakati swali linapoulizwa?"

SWALI LA KUFUTA DISKI

Mtu anaposakinisha kwa mkono, programu humsimamisha mara moja na kumwonya: yaliyomo katika diski yatafutwa, je, aendelee? Swali hilo halikuwekwa kwa sababu mashine haijui la kufanya. Liliwekwa ili mtu apate nafasi ya mwisho ya kutazama mbele yake na kutambua kwamba ameketi kwenye kompyuta isiyo yenyewe.

Mstari wa partman/confirm boolean true huijibu hoja hiyo mapema. Unasema "ndiyo" kwa mashine ambayo mwandishi haioni, siku ambayo bado haijafika. Katika mashine pepe mpya jibu hilo halina madhara, kwa kuwa diski ni faili tupu. Lakini mstari uleule ukifika katika kompyuta halisi, iwe ni kwa sababu diski-mweko ya usakinishaji ilisahauliwa ndani yake au kwa sababu mtandao wa shule uliielekeza kwenye faili hilo, kazi za wanafunzi za mwaka mzima zitafutwa pasipo kuulizwa yeyote.

Kwa hiyo tahadhari hutakiwa kabla ya kuandika mstari huo. Diski itajwe kwa jina. Jina /dev/vda ni la diski za mashine pepe za aina ya virtio, na si jina la kawaida la diski ya kompyuta halisi; kulitaja ni kinga mojawapo, ingawa isitegemewe peke yake. Faili la majibu litolewe kwa mashine pepe tu, si kwa mtandao mzima. Diski-mweko yenye faili la namna hii iandikwe kwa wino, kwa herufi kubwa, kwamba hufuta.

HESABU YA MAKOSA

Kwa nini basi watu huikubali hatari hiyo? Hesabu ya uwezekano hutoa jibu.

Chukulia kwamba usakinishaji una maswali 25, na kwamba mtu makini hukosea swali moja katika kila 200. Uwezekano wa kujibu swali moja sawasawa ni 0.995. Uwezekano wa kujibu yote 25 sawasawa ni 0.995 kwa kipeo cha 25, ambao ni karibu 0.88. Maana yake, katika kompyuta 40, kwa wastani karibu 5 zitakuwa na kosa. Na uwezekano wa kompyuta zote 40 kuwa sahihi, yaani majibu 1,000 yasiyo na kosa hata moja, ni 0.995 kwa kipeo cha 1,000: karibu 0.007. Hata mtu makini hufaulu mara zisizozidi 7 katika majaribio 1,000.

Kwa faili la majibu, maswali 25 hujibiwa mara moja tu. Uwezekano wa kuwa sahihi unabaki 0.88, lakini kompyuta zote 40 hupata majibu yaleyale. Ama zote ni sahihi, ama zote zina kosa moja linalofanana.

Msomaji asiharakishe kufurahi. Kosa la mkono huharibu mashine moja. Kosa la faili huharibu zote. Lakini kosa linalofanana katika mashine zote lina sifa njema: hugunduliwa katika mashine ya kwanza inayopimwa, na hurekebishwa kwa kubadili mstari mmoja. Makosa yaliyotawanyika katika mashine tano kati ya arobaini hugunduliwa moja moja, miezi kadhaa baadaye, kila moja kwa sababu yake. Kwa hiyo faili la majibu lina faida kwa sharti moja: mashine ya kwanza ipimwe kabla ya kutengeneza ya pili.

NAKALA NA UTAMBULISHO

Taswira ikishakamilika, hunakiliwa. Hapo hutokea tatizo la mwisho, nalo halionekani kwa macho.

Mfumo wa uendeshaji unapowekwa, hujitengenezea vitu ambavyo havitakiwi kufanana na vya mashine nyingine yoyote. Kimoja ni namba ya utambulisho wa mashine, yenye tarakimu 32 za mfumo wa kumi na sita. Kingine ni funguo za siri za huduma ya SSH, ambazo kwazo seva huthibitisha kwamba ndiyo yenyewe wala si tapeli. Taswira ikinakiliwa mara 40, vitu hivyo navyo hunakiliwa mara 40. Baadhi ya programu za mtandao hutumia namba ya utambulisho kuomba anwani; mashine mbili zenye namba moja zinaweza kupewa anwani moja, na mawasiliano yakavurugika. Kwa upande wa funguo, anayeimiliki mashine moja anaweza kujifanya kuwa yoyote kati ya zile nyingine 39.

Hata pale ambapo kila mashine hutengeneza ufunguo wake, hatari haijaisha. Ufunguo wa siri hutokana na namba za nasibu, na mashine zinazoanza katika hali moja zinaweza kupata namba zinazokaribiana. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake watatu walichapisha matokeo ya kukusanya funguo za wazi kutoka katika intaneti nzima. Waliweza kukokotoa funguo za siri za RSA za asilimia 0.50 ya seva zilizotumia itifaki ya TLS. Wengi wa waathiriwa walikuwa vifaa vidogo vya mtandao, vilivyotengeneza funguo zao mara tu vilipowashwa, kabla ya kupata unasibu wa kutosha.

Njia waliyotumia yaweza kueleweka na mwanafunzi wa sekondari. Ufunguo wa wazi wa aina ya RSA una namba ambayo ni zao la namba tasa mbili kubwa. Kuigawanya namba hiyo ni kazi inayowashinda hata wenye kompyuta kubwa. Lakini kama mashine mbili zimetumia kwa bahati mbaya namba tasa moja inayofanana, inatosha kutafuta kigawo kikubwa cha shirika. Chukua namba ndogo 77 na 91. Kigawo chao kikubwa cha shirika ni 7; basi 77 = 7 × 11 na 91 = 7 × 13, na siri zote zimefichuka. Kanuni ya Euclid ya kutafuta kigawo hicho, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, hufanya kazi hiyo upesi hata kwa namba zenye mamia ya tarakimu.

Kwa hiyo taswira ya msingi husafishwa kabla ya kunakiliwa. Faili la namba ya utambulisho huachwa tupu, nao mfumo hutengeneza namba mpya mashine inapowaka mara ya kwanza. Funguo za SSH hufutwa. Hapa pana mtego: katika Debian funguo hizo hutengenezwa wakati programu ya SSH inapowekwa, na haziundwi tena zenyewe. Anayezifuta hana budi kuweka mpango wa kuziunda upya katika kuwaka kwa kwanza, kwa mfano kwa kutumia programu ya cloud-init; la sivyo huduma itakataa kuanza. Neno la siri nalo lisiandikwe waziwazi katika faili la majibu, kwa maana kila anayeifikia seva anaweza kulisoma. Debian hukubali liandikwe kwa umbo lililofumbwa; salama zaidi ni kulifunga neno la siri la msimamizi kabisa na kumpa kila mtumiaji ufunguo wake.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili linahitaji kompyuta moja ya Linux yenye QEMU, diski ya usakinishaji ya Debian, na intaneti.

1. Tengeneza taswira tupu kwa amri: qemu-img create -f qcow2 msingi.qcow2 10G. Tazama ukubwa wa faili lililopatikana na ulinganishe na gigabaiti 10.

2. Andika faili majibu.cfg. Kiolezo kamili kimo katika mwongozo wa usakinishaji wa Debian. Badilisha yale tu yanayohitajika.

3. Katika folda yenye faili hilo, anzisha seva ndogo kwa amri: python3 -m http.server. Seva hiyo husikiliza katika mlango namba 8000.

4. Washa mashine pepe kwa diski ya usakinishaji, na katika mstari wa kuanzia ongeza: auto=true priority=critical url=http://10.0.2.2:8000/majibu.cfg. Katika mtandao wa kawaida wa QEMU, anwani 10.0.2.2 ni ya mwenyeji.

5. Usiguse kibodi. Programu ikisimama na kuuliza, andika jina la swali hilo, ongeza jibu lake katika faili, na uanze upya. Kila kusimama ni swali lililosahauliwa.

6. Mashine ikijizima, isafishe taswira kama ilivyoelezwa, kisha tengeneza taswira inayoiegemea kwa amri: qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 k01.qcow2. Fanya vivyo hivyo kwa k02.qcow2. Washa zote mbili na ulinganishe namba za utambulisho zilizomo katika faili /etc/machine-id.

Mwalimu anashauriwa kuwaachia wanafunzi hatua ya tano bila kuwapa majibu. Ndiyo hatua inayochosha, na ndiyo inayofundisha.

HITIMISHO

Faili la majibu lina faida moja ambayo haikutajwa bado, nayo huenda ikawa kubwa kuliko ya kuokoa muda. Maabara iliyowekwa kwa mkono imo kichwani mwa aliyeiweka. Akihamishwa, maarifa huondoka naye. Maabara iliyowekwa kwa faili imeandikwa. Anayekuja baada yake anaweza kulisoma, kuuliza kwa nini mstari fulani upo, kuusahihisha, na kuijenga maabara upya kwa siku moja hata kama diski zote zimeungua.

Ila na ifahamike kwamba mashine hutii yaliyoandikwa, wala haitii yaliyokusudiwa. Aliyeandika "ndiyo" mahali pa kufuta diski ameshatoa ruhusa, hata kama siku ile atakuwa amelala. Kwa sababu hiyo faili la majibu lisomwe na mtu wa pili kabla ya kutumiwa, na lijaribiwe kwanza katika mashine pepe, ambako kosa hugharimu faili tupu na dakika chache.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mwenyeji na mgeni katika mashine pepe.

2. Mashine pepe 25 zinaegemea taswira ya msingi yenye gigabaiti 4, na kila moja inaongeza gigabaiti 0.3. Kokotoa nafasi yote inayohitajika, na ulinganishe na nakala kamili 25.

3. Kwa nini jibu la lugha lililoandikwa katika faili lililo kwenye seva linaweza kuchelewa? Taja dawa mbili.

4. Mtu hukosea jibu moja katika kila 100, na usakinishaji una maswali 20. Tafuta uwezekano wa kompyuta moja kuwekwa bila kosa, kisha wa kompyuta 10 zote kuwekwa bila kosa.

5. Namba mbili za wazi ni 143 na 187. Kwa kutumia kanuni ya Euclid, tafuta kigawo chao kikubwa cha shirika na uzigawanye namba zote mbili.

6. Jadilini darasani: ni maswali gani ambayo mashine isiruhusiwe kujibiwa mapema kwa maandishi, bali imngoje mtu? Toeni sababu.